Mbwa wa Kongo na Kipimo cha Vinasaba: Kumtambua Mbebaji si Kumtupa

Neno "basenji", ambalo leo limeandikwa katika madaftari ya mbwa wa ukoo huko Ulaya na Marekani, lina undugu wa karibu na neno letu "washenzi". Asili yake ni lugha za Kongo, ikiwemo Lingala, ambamo mbwa wa watu wa porini walitajwa kwa jina hilo, kama nasi tusemavyo mbwa shenzi au mbwa koko tunapomtaja mbwa wa kijijini asiyejulikana baba yake. Historia ina kejeli zake: jina la dharau limegeuka kuwa jina la heshima, na mbwa huyo huyo sasa hununuliwa kwa fedha nyingi pamoja na cheti cha nasaba yake. Tumemchagua yeye katika makala haya kwa sababu mkasa wake unaeleza vizuri jinsi kipimo cha vinasaba kinavyoweza kuiokoa aina ya mbwa, na jinsi kipimo cha namna hiyo, kikitumiwa kwa pupa, kinavyoweza kuidhuru. Wapo waamini wetu wanaofuga mbwa wa ulinzi na kuuza watoto wao, na wapo wanaonunua. Matangazo ya vipimo hivi huwafikia wote kwa simu zao. Ni vema basi tuelewe kinachouzwa humo.

Basenji ni mbwa wa umbo la wastani, mwenye masikio yaliyosimama, kipaji kilichokunjamana na mkia uliojisokota juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine, ingawa si bubu. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka, karibu na wimbo. Wambuti wa msitu wa Ituri na Wazande wamewinda naye tangu zamani, akiwasukuma wanyama kuelekea nyavuni huku amefungwa kengele ya mbao shingoni, kwa maana mbwa asiyebweka hana budi kusikika kwa njia nyingine. Jike lake kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali majike ya mbwa wengi huingia mara mbili. Jozi moja ilioneshwa Uingereza mwaka 1895, ikafa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Ni katika miaka ya 1930 ndipo mbwa hawa walipofanikiwa kuishi na kuzaa huko Ulaya, kisha Marekani.

Walioingia walikuwa wachache, na daftari la ukoo likafungwa nyuma yao. Mbwa ambaye wazazi wake hawakuandikwa humo hakuhesabiwa kuwa basenji, hata kama angetoka moja kwa moja katika kijiji kilekile cha Kongo walikotoka babu zao. Kwa hiyo vizazi vilivyofuata vilijaa ndugu waliooana na ndugu. Na jamaa wanapooana, magonjwa yaliyojificha hupata mlango wa kutokea.

Aliyetufundisha kwa nini iko hivyo ni mtawa. Gregor Mendel, Mwagustino wa monasteri ya Brno katika nchi ambayo leo ni Cheki, alipanda njegere bustanini kwa miaka kadhaa, akahesabu mbegu zake kwa uvumilivu wa ajabu, na mwaka 1866 matokeo yake yakachapishwa. Kwa lugha ya leo twaweza kusema hivi: mtoto hupokea nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Zipo jeni zenye hitilafu ambazo hazileti ugonjwa maadamu nakala ya pili ni nzima. Mbwa mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huitwa mbebaji. Yeye mwenyewe haumwi, hataumwa kamwe kwa sababu ya jeni hiyo, na jicho la mwanadamu haliwezi kumtofautisha na mwenzake. Lakini mbebaji akipandishwa na mbebaji mwenzake, kwa wastani katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja atakuwa hana kabisa nakala mbovu. Mbebaji akipandishwa na mbwa asiye na nakala mbovu, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua. Nusu yao, kwa wastani, watakuwa wabebaji, na nusu watakuwa wazima moja kwa moja.

Tunaomba msomaji airudie sentensi hiyo ya mwisho kabla ya kuendelea. Makosa yaliyofuata yalitokana na kutoipa uzito wake.

Ugonjwa wa kwanza kuwatisha wafugaji wa basenji ulikuwa wa damu. Chembe nyekundu zilikosa kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinasi, zikavunjika kabla ya wakati wake; mbwa akapauka fizi, akachoka kwa mwendo mfupi, akafa angali kijana. Katika miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu kilichopima nguvu ya kimeng'enya hicho. Mbebaji alikuwa na takriban nusu ya kiasi cha kawaida, hivyo kwa mara ya kwanza aliweza kutambuliwa kabla hajazaa mtoto mgonjwa. Lilikuwa jambo jema sana. Ila wafugaji wengi walilitumia kama mtu anayekata mti mzima kwa sababu ya tawi moja bovu: wabebaji waliondolewa katika uzazi kwa wingi, pamoja na mbwa wenye tabia njema, miguu imara na macho mazuri, ambao kosa lao lilikuwa kubeba nakala moja isiyowadhuru. Ugonjwa wa damu ulipungua kweli, na wafugaji wakashangilia.

Kisha ukaonekana mwingine. Mbwa wa miaka minne, mitano, hata minane, aliyekuwa na afya njema, alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa bila kikomo. Akakonda. Mkojo wake ulipopimwa ulikutwa na sukari, na baadhi ya madaktari walidhani ni kisukari, ingawa sukari katika damu ilikuwa ya kawaida. Ugonjwa huo ni wa figo, nao huitwa Fanconi. Figo za mbwa hushindwa kurudisha mwilini sukari, chumvi na viini vya protini, na vyote hivyo humwagika katika mkojo. Wafugaji wenyewe husimulia kwamba kuenea kwa Fanconi kulichangiwa na ule usafishaji wa awali. Walipotupwa wabebaji wa ugonjwa wa damu, kundi la wazazi lilipungua. Madume machache yaliyothibitika kuwa safi yakatafutwa na kila mtu. Na kati ya hayo yalikuwamo yaliyobeba jeni ya Fanconi, ambayo wakati huo hakuna aliyeweza kuipima. Dume moja maarufu laweza kuzaa watoto wengi kuliko majike kumi kwa pamoja. Alicho nacho dume hilo, chema au kibaya, chote husambaa.

Ukatili wa Fanconi ulikuwa katika umri wake. Mbwa alipoanza kuugua alikuwa amekwisha kuzaa, pengine mara mbili au tatu, na watoto wake nao walikuwa na watoto. Familia zilizonunua mbwa kwa ajili ya watoto wao zilipigiwa simu na mfugaji aliyelia, au hazikupigiwa simu kabisa. Kwa muda mrefu mwenye basenji hakuwa na kinga nyingine zaidi ya kijikaratasi cha kupimia sukari, alichokichovya katika mkojo wa mbwa wake kila mwezi, akisubiri rangi kubadilika.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani walitoa kipimo cha kwanza cha vinasaba kwa ugonjwa huo. Hakikuitazama jeni yenyewe, kwa kuwa ilikuwa haijajulikana, bali alama zilizo jirani nayo katika uzi wa vinasaba. Ni kama mgeni anayeelekezwa nyumba kwa kuambiwa iko karibu na mwembe mkubwa: mara nyingi atafika, lakini penye miembe miwili atapotea. Kwa sababu hiyo majibu ya kipimo yalisema "huenda ni mzima" au "huenda ni mbebaji", na baadhi ya mbwa hawakuweza kuamuliwa. Mwaka 2011 kikapatikana kipimo kinachoitazama hitilafu yenyewe, na neno "huenda" likaondoka.

Safari hii wafugaji wengi walikuwa wamejifunza. Hawakuwafukuza wabebaji. Mbebaji bora alipandishwa na mwenza asiye na nakala mbovu, watoto wao wakapimwa, na katika wale waliokutwa wazima akachaguliwa wa kuendeleza ukoo. Kwa njia hiyo ukoo mwema haukupotea, wala hakuzaliwa mgonjwa hata mmoja. Matokeo ya mbwa wengi yaliwekwa wazi katika daftari la taasisi ya OFA, lenye makao yake Missouri, ambamo mtu yeyote aweza kumtafuta mbwa kwa jina lake na kusoma. Hata mtoto aliyekutwa na nakala mbili mbovu hakuwa amehukumiwa kufa: mwenye kujua mapema hupima mkojo mara kwa mara, na dawa za kurejesha kile ambacho figo inapoteza, bikaboneti ikiwemo, zikianzishwa mapema chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, mbwa wengi huishi miaka mingi baada ya ugonjwa kugunduliwa.

Lakini kipimo hakiwezi kuongeza kile ambacho kimekwisha kutoweka katika kundi. Hapa mbwa shenzi anarudi katika simulizi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakaenda vijijini na kurudi na mbwa wa kienyeji. Haikuwa rahisi kukubaliwa; mbwa hao hawakuwa na karatasi, na kwa wapenzi wa nasaba asiye na karatasi hana baba. Hata hivyo mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilifungua daftari na kuwaandika mbwa 14. Kwao ikaingia katika maonyesho ya Marekani rangi ya michirizi kama ya chui milia, na pamoja na rangi hiyo ziliingia jeni ambazo kundi la zamani halikuwa nazo. Daftari likafunguliwa tena kuanzia mwaka 2009. Tusidhani, hata hivyo, kwamba kutoka kijijini ni cheti cha afya. Mbwa wa kijiji naye aweza kubeba jeni mbovu, naye hupimwa kama wengine. Thamani yake ni kwamba hana undugu wa karibu na kundi lile, basi hata mabovu yake si yaleyale.

Mkasa wa mbwa wa Dalmatia, yule mweupe mwenye madoa meusi, unaonyesha ukingo wa mwisho wa njia hii. Mbwa wote wa ukoo huo walikuwa na nakala mbili za jeni inayofanya mkojo kujaa asidi ya yuriki, na madume hasa waliziba njia ya mkojo kwa mawe. Kipimo kingesaidia nini hapo? Hapakuwa na wa kuchaguliwa. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alimpandisha mbwa wa Dalmatia na mbwa wa kuwinda wa aina ya Pointer mara moja tu, kisha watoto wakarudishwa kwa Wadalmatia kizazi baada ya kizazi, wakichaguliwa wale waliorithi jeni nzima. Mwaka 1981 AKC iliwaandika wawili wa uzao huo, lakini malalamiko ya wapenzi wa ukoo safi yakaizuia isiendelee. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2008, Uingereza ikaanza kuwaandika mbwa hao mwaka 2010, na AKC ikawapokea mwaka 2011. Karibu miaka arobaini ilipita wakati dawa ya tatizo ilikuwa mkononi, kwa hofu ya babu mmoja asiye na madoa. Tunasema wazi kwamba hofu hiyo haikuwa na haki ya kuwagharimu wanyama maumivu ya namna ile.

Kwetu Afrika Mashariki wenye basenji ni wachache, ila German Shepherd anajulikana katika miji yote na katika uwanja wa parokia nyingi. Kwake yeye kipimo kinachotangazwa sana ni cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaompoozesha mbwa mzee miguu ya nyuma polepole. Jeni yake ilielezwa mwaka 2009. Kipimo hiki ni cha namna nyingine: nakala mbili mbovu humweka mbwa katika hatari, lakini wengi wenye nakala hizo huzeeka na kufa kwa sababu nyingine bila kupooza. Anayeuza mtoto wa mbwa kwa bei ya chini akisema "atapooza" anakosea, na anayemuua mtoto huyo anakosea zaidi. Kwa upande mwingine, ugonjwa wa nyonga, unaowasumbua German Shepherd kuliko huo, hauna jeni moja ya kupimwa. Unatokana na jeni nyingi pamoja na lishe, uzito na mazoezi, na njia ya kuuchunguza ni picha ya eksirei. Muuzaji mwenye cheti cha vinasaba cha kurasa kumi asiye na picha ya nyonga za wazazi amejibu maswali mengi na kuliacha lililo kubwa.

Kuna swali ambalo mwamini mwenye busara atauliza: je, ni halali kutumia fedha kwa mambo haya huku majirani zetu wakikosa dawa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inazishika pande zote mbili. Wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawajibika kuwatendea wema. Kuwatumia kwa haja zetu ni halali, kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi yetu wenyewe. Na haifai pia kuwatumia fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu ya watu. Kwa maoni yetu, maneno hayo humgusa kwanza anayepandisha mbwa ovyo kwa ajili ya biashara. Hakuna aliyemlazimisha kuzalisha. Akichagua kuzalisha, gharama ya kuwapima wazazi wawili ni sehemu ya gharama ya kazi yake, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kumtibu mbwa mmoja mgonjwa kwa miaka, mzigo ambao vinginevyo atamtwika mnunuzi bila kumwambia. Asiyeweza kuimudu gharama hiyo ana hiari ya kutozalisha. Mwenye mbwa mmoja wa kulinda nyumba, asiyekusudia kuzalisha, hana sababu ya kujisumbua.

Muuzaji akijua kwamba dume lake ni mbebaji na akanyamaza, anauza kwa hila. Tatizo ni kwamba sisi wanunuzi huchangia hila hiyo tunapomkimbia kila anayesema ukweli. Mfugaji anayetuonyesha cheti kilichoandikwa "mbebaji", akatueleza amempandisha na jike gani na kwa nini, ametufanyia kazi bora kuliko mwenye maneno matamu asiye na karatasi. Tukimwadhibu kwa kutonunua kwake, mwakani naye ataficha.

Kwa anayetaka kupima, mambo machache ya kivitendo yanafaa kujulikana. Sampuli ya kawaida ni ute wa ndani ya shavu, unaochukuliwa kwa kijiti chenye pamba, ukakaushwa, ukafungwa na kutumwa hata kwa posta ng'ambo, kwa kuwa maabara nyingi za kazi hii ziko mbali nasi. Kabla ya kulipa, uliza iwapo hitilafu inayopimwa imethibitishwa katika aina ya mbwa uliyo naye; vifurushi vya kupima magonjwa mamia kwa pamoja vimejaa majibu ya jeni ambazo katika aina nyingine ya mbwa hazina maana inayojulikana. Mbwa mwenye mchanganyiko wa koo mbalimbali, kama walivyo wengi wetu nyumbani, kwa kawaida hupatwa na magonjwa haya ya kurithi mara chache zaidi, kwa sababu wazazi wake mara nyingi si ndugu wa karibu. Cheti kiwe na namba ya chipu ya mbwa, nayo ilinganishwe na chipu iliyo mwilini kwa kifaa cha daktari wa mifugo, kwani karatasi isiyo na namba yaweza kuwa ya mbwa yeyote. Na ikiwa anayepimwa ni mtoto anayenyonya, atengwe na mama yake kwa muda kabla ya kuchukuliwa ute, la sivyo kijiti kitabeba pia chembe za mama, na maabara itasoma wawili badala ya mmoja.